Spika Mbili Kama Makabati

Jumatano, 10 Agosti 2005

Wakwe wanakuja! Jumamosi ya wiki ijayo. Binti yetu Rosaline, mwalimu kule Bungoma, ameposwa na kijana anaitwa Ian, na wazazi wa Ian wanakuja hapa kwetu Kibomet kutuona. Nyaguthii, mke wangu, tayari ananenepesha kondoo dume. Mambo shwari.

Yalikuwa shwari hadi jirani yangu Mbogo alipopita kwenye duka langu la mbegu. Akasema nisijali kuhusu muziki, ataleta ile redio mpya aliyonunua mpakani Suam, yenye spika tano na taa za bluu. Ati ni zawadi kwa Rosaline. Nikamshukuru hadi mashavu yakauma. Siku ya binti yangu, nyumbani kwangu, wageni wamsifu Mbogo? Haiwezekani!

Ijumaa, 12 Agosti

Nimetoka Bungoma. Nimepata dawa ya Mbogo! Mjane mmoja, Mama Lenah, ana mtambo ulioachwa na mzungu aliyeuza shamba zamani: amplifaya ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka kama makaa, na spika mbili kama makabati. Mbao tupu! Spika za Mbogo unaweza kuzificha ndani ya hizi na bado kukabaki nafasi ya kuku.

Pesa alikataa. Alitaka kondoo dume wa mbegu. Nikasikia mdomo wangu ukisema ninaye.

Akanionya: "Ukiwasha, ngoja ipate moto kwanza. Na usiguse nyuma, itakurusha." Nikamwambia mama, mimi si mtoto.

Jumamosi, 13 Agosti

Nyaguthii akiwa mazoezi ya kwaya, pikapu ya mwuza vitunguu wa Chwele imeleta mtambo na kuondoka na kondoo. Spika zikagoma kuingia mlangoni. Nikang'oa mlango pamoja na fremu. Zikaingia. Makochi yakatoka. Sebule sasa ina spika mbili, amplifaya na stuli. Wageni watakaa wapi? Tutaona.

Nyaguthii alirudi akauliza mlango uko wapi na kondoo yuko wapi. Mlango nilimwonyesha. Kondoo nikasema anakohoa, nimempeleka kwa daktari wa mifugo. Uongo mdogo tu, wa muda.

Jumapili, 14 Agosti

Sikuenda kanisani. Nilisingizia mgongo. Nikaunganisha nyaya, nikawasha. Mmmmmm! Kama fahali aliyefungiwa zizini. Nikazima. Nikachomoa hiki, nikachomeka kile, nikawasha tena, nikangoja. Chupa zikaanza kuwaka rangi ya chungwa. Nikaweka santuri ya rumba ya marehemu baba kwenye gramafoni yake.

Jamani! Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuimba. Mtu aliyerekodiwa kabla sijaoa, anapumua sebuleni kwangu! Nikakaa kwenye stuli nikalia kidogo. Hayo yatosha.

Nyaguthii alirudi, akasimama pale palipokuwa na mlango, Biblia mkononi. Nilingoja matusi. Akacheza, hatua mbili tatu, taratibu. Halafu akauliza kondoo anaendeleaje.

Jumanne, 16 Agosti

Spika ya kushoto inanong'ona tu. Nikaona waya umelegea kule nyuma ya amplifaya. Mama Lenah alisema nini kuhusu nyuma? Nilikumbuka nikiwa tayari hewani. Niliangukia stuli. Stuli imekufa. Lakini spika inasikika!

Mbogo alikuja kuona. Akauzunguka mtambo, akanyoosha mikono juu ya zile chupa kama mtu anayeota moto. "Bana, hii si redio," akasema. "Hii ni jiko." Akaondoka akicheka. Jibu zuri lilinijia nikila chakula cha jioni. Nikamwambia paka.

Alhamisi, 18 Agosti

Nyaguthii anataka kondoo wake. Nikasema, kwa huzuni, amekufa. Akauliza ngozi. Nikasema daktari amebaki nayo. Akauliza nyama. Nikasema hiyo pia.

Akaniangalia. "Baba Rosaline, ni daktari gani anakula mgonjwa wake?"

Nikasema ukweli wote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema tu kwamba Rosaline ni mmoja, hatuna mwingine wa kufanyia majaribio. Akatembea hadi kwa Mbogo, akarudi akivuta kondoo. Wa Mbogo! Amempa bure, na pole juu. Ati jirani ni jirani. Sasa Mbogo ndiye mwenye nyama. Muziki hatagusa!

Jumamosi, 20 Agosti

Wageni walifika: mzee Jairus, baba yake Ian, na mkewe Nekoye. Tukawaketisha kwenye viti vya kanisa. Rosaline akanivuta kando. "Baba, tafadhali, leo usifanye kitu." Nikaahidi. Nikaenda nikawasha.

Santuri ikaanza. Mzee Jairus hakutikisika. Nikaongeza sauti. Wapi! Mama Nekoye akatueleza kwamba mzee hasikii, masikio yaliharibiwa na mashine kiwandani. Kiziwi! Nimeng'oa mlango, nimepigwa na stima, na mgeni wa heshima ni kiziwi! Mbogo akageuka kuficha kicheko.

Lakini mzee aliinuka. Akaenda kwenye spika, akaweka kiganja juu ya mbao. Akaweka na cha pili. Uso ukafunguka. "Iko hapa!" akapaza sauti. "Ngoma iko hapa! Nekoye, kuja ushike!" Wakasimama wawili hao, viganja juu ya spika, mabega yakicheza. Rosaline alikuwa analia. Hata Mbogo aliacha kucheka.

Hapo mtu mwenye akili angeridhika. Mimi nikaongeza sauti.

Paaah! Cheche, moshi, harufu ya mpira. Stima ikapotea kwetu na kwa Mbogo pia. Pazia likashika moto. Nyaguthii akalizima kwa sufuria ya supu. Supu ya kondoo wa Mbogo.

Tulikula nje. Nyama ilisifiwa sana, na Mbogo akaitikia kila sifa. Redio yake ya taa za bluu ilikaa kimya mezani, hakuna stima. Hilo lilinifariji. Baadaye mzee Jairus akatangaza, kwa sauti ya kusikika hadi Bungoma, kwamba Rosaline sasa ni mtoto wao. Akanishika mkono. Akasema tangu apoteze masikio, hajawahi kucheza. Nyaguthii alisikia. Akanipakulia mwenyewe, na kipande kizuri.

Jumatatu, 22 Agosti

Nyaguthii amekwenda Bungoma na Rosaline kupanga harusi. Kabla ya kuondoka aliniagiza niondoe mtambo, nirudishe makochi, nimwombe Mbogo msamaha. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Fundi Kimaiyo wa mjini amebadilisha fyuzi na chupa moja. Mtambo unaimba tena! Anasema nilizidisha sauti. Si kweli. Nimefikiri sana. Kosa ni la sebule: ndogo, sauti haina pa kwenda. Ukiondoa ukuta kati yake na chumba cha kulala, spika zitapumua. Nimeazima nyundo kubwa kwa Mbogo. Ameuliza ni ya nini, nikasema narudisha mlango.

Naanza sasa hivi. Ukuta wenyewe hauna kazi kubwa. Unashikilia paa tu.