Mitungi Mitatu kwa Mistari Arobaini

Ijumaa, 5 Januari

Magugu yamezipita karanga zangu kimo. Mistari arobaini! Na mimi na jembe moja. Zisipopaliliwa mwezi huu, karanga hakuna, na mwaka mzima nitakuwa naomba kijiko cha karanga za kusaga kwa Shuvai, mke wa mwanangu, anayepima kijiko kwa kidole. Mimi! Mwanamke mwenye shamba lake! Afadhali nile mboga chungu.

Hapa kwetu Buhera hatuajiri mtu. Unapika pombe, kijiji kinakuja na majembe, wanapalilia, wanakunywa. Kesho zamu ya mwingine, nawe unakwenda. Utaratibu mzuri sana. Una kasoro moja tu: hapo pa wewe nawe kwenda.

Leo nimeinjika uji wa pombe. Siku ya saba itakuwa tayari.

Jumapili, 7 Januari

Nimezunguka nyumba kumi na mbili kualika. Wote wana shughuli! Mmoja ana mbuzi mgonjwa. Mwingine anamngoja mgeni ambaye hata jina lake halijui. Mai Hazvinei, yaani mama yake Hazvinei, jirani yangu, hakuona haya. Aliniuliza mbele ya watu, huku akiniita Mbuya, yaani bibi: "Mbuya Sekesai, kwangu mwezi uliopita ulikuja na kata ya kunywea. Jembe lilikuwa wapi?"

Nikamwambia mpini ulikuwa umelegea. Akasema basi na wake umelegea tangu asubuhi. Wakacheka mpaka watoto. Na mimi ndiye niliyempokea huyo Hazvinei wake alipozaliwa, kwa mikono hii! Nimeondoka bila kuaga.

Jumanne, 9 Januari

Nimepata akili. Alhamisi ni siku ya mwiko. Ardhi inapumzika, hakuna jembe kugusa udongo. Kijiji kizima kitakuwa kimekaa tu. Nguvu zote hizo zinaota jua!

Sitawaalika kupalilia. Nitawaalika kunywa. Nani atakataa? Mitungi mitatu nitaiweka katikati ya shamba, pale magugu yalipofunga. Anayetaka kunywa atang'oa apite. Kung'oa kwa mkono si kulima. Jembe halipo, mwiko haupo. Ningesoma kupita darasa la pili, leo ningekuwa waziri.

Mtungi wa tatu nimeuongezea maji kidogo. Ndoo mbili.

Alhamisi, 11 Januari

Walikuja wote. Hata mwenye mbuzi mgonjwa. Wakatazama mitungi, wakatazama magugu. Kisha Mai Hazvinei akatangulia, aking'oa kijia chembamba, upana wa mtu mmoja. Wengine wakamfuata nyuma kama siafu. Hakuna mwingine aliyeng'oa hata jani! Wakafika, wakayakalia magugu yangu kama mkeka, wakanywa.

Nikawahimiza wanyooshe mikono, kila mtu pale alipokaa. Mwenye mbuzi akasema mkono mmoja umeshika kata na wa pili unalinda zamu.

Ndipo akafika Sabhuku Mazarura, mkuu wa kijiji. Akauliza nani ameng'oa mimea siku ya mwiko. Vidole vyote vikanielekea mimi! Nikasema mng'oaji ni Mai Hazvinei, yule pale, tazameni kucha zake. Sabhuku akasema aliyeweka mtungi ndiye aliyeng'oa. Faini: pombe iliyobaki iende kwa wazee, pamoja na jogoo wangu.

Akaonja mtungi wa tatu. Akaniuliza kama nimechimba kisima. Huo wakaniachia. Jogoo wakamchukua.

Jumamosi, 13 Januari

Mai Hazvinei alibisha hodi jua halijachomoza. Akaniambia: "Mbuya, achana na ujanja. Leo tunapalilia kwangu. Njoo na jembe, na Jumatatu tutakuja kwako, hata bila pombe. Utakavyotufanyia ndivyo tutakavyokufanyia."

Nimeona amenyenyekea. Nimekwenda.

Nimepalilia mstari mmoja na nusu, kisha goti likanikamata. Nikakaa kivulini nikiwaelekeza. Kuna watu wazima hapa kijijini hawajui hata kushika jembe! Nimewataja mmoja mmoja kwa jina. Kuelekeza nako ni kazi, koo limenikauka. Chakula kilipofika goti likapoa. Sadza, ugali wetu, na kuku. Kuku mgumu. Nimeongezewa mara mbili tu.

Jumatatu, 15 Januari

Walikuja alfajiri, watu kumi na wawili, majembe mabegani. Moyo ukatulia. Nikaziona karanga zangu tayari ziko kwenye kinu.

Wakapalilia vizuri, siwasingizii. Kila mtu mstari mmoja na nusu. Kisha wote kumi na wawili, kwa mpigo mmoja, wakashika magoti! Wakaenda kivulini. Nikabaki shambani peke yangu, na wao wakaanza kunielekeza. Mai Hazvinei akapaza sauti: "Mbuya, inama zaidi, unaacha mizizi!" Mwenye mbuzi akasema ninashika jembe kama ninakoroga uji. Mtu ambaye mbuzi wake hakuwahi kuumwa! Kisha wakaniuliza kuku yuko wapi. Nikawaambia wakamuulize Sabhuku.

Jioni nimehesabu. Mistari kumi na minane imekwisha, yote yao; wangu sijaumaliza. Imebaki ishirini na miwili, na magugu hayalali.

Nimekaa nimefikiri sana kosa liko wapi. Sasa nimeliona. Kijiji hiki watu wake ni wavivu na magoti yao mabovu. Ng'ambo ya mto kuna kijiji ambako hawanijui kabisa. Watu wengi, vijana, sura za upole. Kesho navuka kuwaalika. Nimesikia nao kesho wanapalilia kwa mtu, kwa hiyo nitawakuta wote mahali pamoja, sitahangaika kupita nyumba kwa nyumba. Jembe nitaliacha nyumbani, lisinichoshe njiani.