Pete ya Baba Mkwe na Jicho Lililohama

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaninunulia daftari. Kasema niandike humu kila siku jambo la kushukuru, labda nitapunguza kulalamika mezani. Haya. Nashukuru kwa daftari. Nashukuru kwa kalamu, ingawa ni yangu mwenyewe.

Sasa nilalamike kidogo. Leo Baba Mkwe kaja karakana. Kavaa koti, kapita mbele ya meza yangu, kaitikia shikamoo yangu kwa kutikisa kichwa, kisha kamkabidhi fundi mwenzangu Taratibu pete yake! Taratibu, ambaye husugua jiwe moja siku nzima kama anayebembeleza mtoto mchanga. Mimi mkwewe, miaka ishirini na mbili nimo humu nasugua mawe ya pete za wanaume, nimekaa pale na kijiti changu cha nta cha kushikia jiwe mkononi kama mgeni aliyekosea mlango.

Pete yenyewe naijua. Fedha nzito, na jiwe la jicho la paka, rangi ya asali. Si jiwe la kuchongwa pembe. Ni aina tunayoiita nusu yai: chini bapa, juu limevimba, laini halina kona. Ukilisogeza chini ya taa, mstari mweupe unasimama katikati, unakutazama. Baba Mkwe kaivaa tangu siku alipopata kazi ya ukaguzi wa shule. Yeye kastaafu, ukaguzi haujastaafu. Hata sahani yangu huikagua.

Na miaka yote tangu nimuoe binti yake hajaniita mwanangu. Huniita bwana. Bwana, pisha mlango. Bwana, punguza redio. Meneja, mume wa shemeji yangu, huyo kaitwa mwanangu wiki ya kwanza tu. Nikiipata "mwanangu" moja kabla sijafa, nitazikwa nimeshiba.

Taratibu katia pete kwenye bahasha, kaandika maagizo, kafungia drooni. Nashukuru kwamba najua ufunguo unakaa wapi.

Jumanne, 4 Machi

Mungu ni mwema! Taratibu anaumwa jino, hakuja. Simwombei mtu maumivu, ila jino lenyewe limechagua siku.

Mpango: niing'arishe mimi. Baba Mkwe aje, aione, aulize ni kazi ya mkono wa nani. Nami nijitokeze.

Nikafungua bahasha. Maagizo: ng'arisha kwa ngozi tu, usiguse umbo la jiwe, panua pete hadi kipimo cha ishirini na mbili. Panua! Nikacheka peke yangu. Baba Mkwe kakonda mwaka huu, pete inamzunguka kidoleni hadi anaizuia kwa kidole gumba. Taratibu kaandika kinyume, mambo ya jino hayo. Nikaipunguza hadi kumi na nane. Damu nzito, hata ya ukwe.

Kisha jiwe. Lilikuwa na mkwaruzo upande wa kushoto. Ngozi na unga wa kung'arishia havikuutoa. Nikalifungua kutoka kwenye ukingo wa fedha, nikalibandika kwenye kijiti, nikalipeleka kwenye gurudumu. Kidogo tu. Halafu kidogo tena. Halafu kidogo cha mwisho, na kimoja cha kuhakikisha. Mkwaruzo ukatoweka! Jiwe linang'aa kama limetoka kuoshwa. Nikalisogeza chini ya taa.

Jicho halipo katikati.

Kila fundi wa kazi hii anajua kwamba mstari hukaa pale jiwe lilipovimba zaidi. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu hilo, kwa sauti. Nami nimesaga upande mmoja hadi kilele kikahamia upande wa pili. Jiwe la Baba Mkwe lina kengeza. Ukilitazama, lenyewe linamtazama aliyekaa jirani yako.

Nikatoka nje. Nikanywa maji. Nikarudi. Bado lilikuwa linamtazama jirani.

Nashukuru kwamba Mama Duka, tajiri wetu, haoni vitu vya karibu.

Jumatano, 5 Machi

Jino la Taratibu limekuwa shavu. Hakuja tena. Shukrani nyingi.

Nimepata dawa usingizini. Unga wa mbao! Ni ujanja wa mafundi wa zamani: jiwe likikaa chini sana kwenye pete, unaliwekea unga wa mbao chini yake, linainuka. Mimi nimeweka upande mmoja tu. Jiwe likainama, jicho likarudi katikati. Ukiitazama kwa mbele, safi kabisa. Ukiitazama kwa ubavu, jiwe limelala kama mtu aliyechoka na mahubiri. Lakini nani hutazama pete kwa ubavu? Nikaibana, nikaipangusa, nikaitia kwenye kisanduku.

Saa nane Baba Mkwe kafika. Mimi nyuma ya pazia la stoo, nimebana pumzi, nasubiri neno "mkono wa nani". Hakufungua hata kisanduku! Kakitia mfukoni. Kamuuliza Mama Duka kama kipimo ni kile alichosema, isije ikamkwama mwenyewe. Mama Duka kamuuliza mwenyewe ni nani. Kajibu kwamba ni mkwewe, yule anayemtegemea, na atampa Jumamosi mbele ya watu wote.

Mkwe anayemtegemea! Nilikaa stoo nusu saa nzima juu ya gunia la mchanga.

Ni Meneja. Nani mwingine? Meneja ana gari. Meneja huleta matunda kwenye kikapu chenye utepe. Vidole vya Meneja ni vinene kama matango, ndiyo maana ya kupanua. Pete ambayo Baba Mkwe hajaivua tangu nimfahamu, inakwenda kwa mtu ambaye hajui jiwe na kigae!

Halafu nikakumbuka. Kumi na nane. Haitamwingia! Na ikimwingia, jicho litamkwepa. Nikainuka kwenye gunia, nikamshukuru Mungu kwa machozi. Hakika hamtupi mja wake.

Ijumaa, 7 Machi

Taratibu karudi, shavu limepungua. Kauliza pete iko wapi. Nikamwambia mwenyewe kashaichukua na karidhika. Kauliza nani aliimaliza. Nikamwambia jino lake lilimsumbua sana, pengine amesahau. Kanitazama kwa muda mrefu. Huyu mtu hata kutazama hutazama taratibu.

Mke wangu kauliza kwa nini naimba bafuni. Nikamwambia ni daftari, shukrani zimeniingia. Kafurahi. Kanipigia pasi shati jeupe, kasema kesho niwe nadhifu, ni siku kubwa. Nilijizoeza uso wa huruma kwenye kioo, wa kumtazamia Meneja pete itakapokwama.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umefungwa kitambaa.

Nyumba ya wakwe ilijaa. Kumbe leo ndoa yetu imetimiza miaka ishirini! Siku kubwa ndiyo hiyo. Sikuwa nimesahau, ila sikuwa nimekumbuka. Mke wangu kanipa shati jipya lililofungwa kwenye karatasi. Mimi nikampa busu la shavu, nikamwambia zawadi yake iko njiani.

Baada ya chakula Baba Mkwe kasimama, kisanduku mkononi. Kasema ana mkwe mmoja ambaye hakumpenda mwanzoni, kwa sababu alikuwa na maneno mengi. Nikamtazama Meneja na kutikisa kichwa. Kasema mkwe huyo hajawahi kumrudisha binti yake nyumbani kwa machozi, na yeye Baba Mkwe alipokuwa amelazwa mwaka jana, mkwe huyo ndiye aliyemshika mkono kumpeleka chooni usiku na mchana, na hakumwambia mtu. Nikaanza kujiuliza Meneja alipata wapi nafasi, maana nilikuwepo mimi muda wote.

Ndipo nikaona kila mtu ananitazama mimi.

Kasema: njoo, mwanangu.

Mwanangu! Nilikwenda mbele nikilia waziwazi, mbele ya Meneja, wala sikujali. Baba Mkwe kasema pete hii aliivaa siku alipoanza kuaminiwa, na sasa anaivisha mkono anaouamini. Kazi alimpa fundi mwingine ili mimi nisijue kwamba ni yangu. Mke wangu alinipima kidole kwa uzi nilipokuwa nimelala. Ishirini na mbili kamili.

Nilikumbuka kumi na nane, machozi yakakauka palepale.

Nikasema Baba, tusiivae leo, tuitazame tu. Kasema upuuzi. Kaisukuma. Ikakwama kwenye fundo la kidole. Baba Mkwe si mtu wa kushindwa na pete. Kashika kwa mikono miwili, kasukuma kama anafunga dirisha bovu. Ikapita! Watu wakapiga makofi. Kidole kikaanza kuwa cha rangi ya zambarau.

Sabuni. Mafuta. Uzi. Maji baridi. Mama mkwe akaleta beseni, nikaketishwa, mkono ndani ya maji karibu saa nzima. Meneja alinishikia taulo, na nakiri kwamba alilishika vizuri. Sasa unga wa mbao ukikaa majini hufanya nini? Huvimba. Sikulifikiria hilo. Jiwe likaanza kuinuka upande mmoja, polepole, mbele ya macho ya ukoo mzima, kisha tubwi! likaanguka ndani ya beseni, na unga wa mbao ukaelea juu.

Baba Mkwe akasimama. Akasema Jumatatu asubuhi yuko karakana, na fundi yule hatalala na kazi yake. Jiwe la maisha yake kulijaza takataka!

Hapo, daftari, nilikuwa na njia. Kunyamaza tu. Taratibu angefukuzwa, meza yake ya dirishani ingekuwa yangu, na "mwanangu" ingebaki yangu. Hata nilinyamaza. Nilihesabu hadi saba. Kisha nikaona mke wangu anautazama ule unga wa mbao, halafu ananitazama mimi. Ananijua. Nikasema Baba, si Taratibu. Ni mimi. Nikamweleza yote: droo, ufunguo, kumi na nane, gurudumu, pazia, hata furaha yangu kwamba haitamwingia Meneja. Meneja akaviangalia vidole vyake.

Mama mkwe akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Baba Mkwe alinikagua kutoka juu hadi chini. Nikajua neno langu limekwenda. Lilikuwa langu kwa muda wa beseni moja.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani ni moyo, nikainuka na beseni. Kumbe anacheka! Miaka ishirini sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma. Kauliza: kwa hiyo umefungua droo ya watu ili uharibu zawadi yako mwenyewe? Nikasema ndiyo, Baba. Kasema: mwanangu, ndiyo maana nilimpa mwingine.

Kalitamka tena! Mara ya pili, na akiwa anajua kila kitu. Nashukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Taratibu kaikata pete, iliyokuwa bado imekwama kidoleni, kwa msumeno mdogo, bila kunigusa ngozi hata kidogo. Nilimwomba radhi. Kacheka hadi kashika shavu. Kaipanua kwa kuongeza kipande cha fedha, kalirudisha jiwe bila unga wowote. Jicho limebaki na kengeza lake. Kasema akilisaga tena litakwisha, niliache linikumbushe kutogusa vya watu.

Kweli kabisa. Nimejifunza. Kuanzia leo kitu cha mtu ni cha mtu. Namshukuru Taratibu, Mama Duka aliyenikaripia kidogo tu, na mke wangu aliyenunua daftari.

Jumanne, 11 Machi

Nilikwenda kumwonyesha Baba Mkwe pete ikiwa kidoleni. Kafurahi! Kaniambia mwanangu, kaa, nikuletee maji.

Alipokwenda jikoni niliviona mezani vifungo vyake vya mikono ya shati, vile vya mawe meusi ya nusu yai. Nikaviinua kwenye mwanga. Lo! Kimoja kimevimba kuliko mwenzake. Mtu mzima, mkaguzi mzima, anatembea na mikono isiyolingana, na hakuna aliyemwambia! Ni kazi ya dakika kumi kwenye gurudumu. Kukipunguza kidogo tu.

Vimo mfukoni mwangu. Kesho kabla hajaamka vitakuwa vimerudi, na hatajua chochote mpaka atakaposhangaa. Namshukuru Mungu kwa kunipa mkwe anayeniamini hata akaniacha peke yangu chumbani.