Sebule ya Mawese

Jumatatu, 3 Juni 1974

Ujumbe kutoka Ilagala. Hatimaye! Umeletwa na Rozalia, mchuuzi wa dagaa, aliyenipa mwaloni Kibirizi, boti zinakofikia, mbele ya wapagazi, kwa sauti ileile ya kuuzia samaki. Mama mkwe anakuja Jumamosi na mke wangu Honorata. Ataitazama nyumba. Ikiwa ni nyumba ya watu, Honorata atabaki. Ikiwa ni ileile, watachukua masufuria yaliyobaki, warudi na boti ya jioni, na nisiwafuate.

Wapagazi wakauliza kama masufuria ni mengi, maana wao wana nafasi Jumamosi. Watu hawana haya.

Niandike kwa haki: Honorata hakuondoka kwa sababu yangu. Aliondoka kwa sababu ya dirisha. Nililitoboa chumbani tupate upepo wa ziwa. Upepo ukaja. Ila dirisha linatazama choo cha jirani yetu Kasongo, na upepo hupita huko kwanza. Nimekwisha kuliziba kwa bati. Imebaki sebule. Kuta zina masizi ya kibatari na michirizi ya masika. Ikipata rangi, mke anarudi. Jambo jepesi.

Jumanne, 4 Juni

Duka la ushirika halina rangi. Lina majembe. Muuzaji kasema rangi itakuja na treni. Nikauliza treni ipi. Kasema hiyo itakayoleta rangi.

Jioni kaja Kasongo. Ni fundi wa maboti. Wazee wake walivuka kutoka Kongo, na kila mtu Ujiji anajua sebule yake ni ya buluu, rangi ya maboti. Kasema amebakiwa na nusu kopo, nichukue, tena bure. Bure! Ili mama mkwe aingie kwangu aone masalio ya Kasongo? Nikamwambia ahsante ndugu, nina mpango wangu. Kasema mipango yangu anaifahamu, mmoja ulikuwa ukimtazama chooni.

Nikaingia ndani. Nina kazi.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata!

Nilikuwa mwaloni kwenye mzani wangu wa dagaa, namtazama Kasongo akiziba boti. Anachovya pamba kwenye mawese, anaishindilia kati ya mbao. Basi. Boti inaingia ziwani, maji hayapiti. Nikajiuliza: kama mawese yanalizuia Tanganyika zima, ukuta wa udongo utayashindaje? Na rangi yanayo yenyewe, ya chungwa lililoiva. Miaka yote hii tunakula rangi!

Nimenunua madebe mawili. Mwanamke aliyeniuzia kauliza harusi ni lini. Nikasema ni ya ukutani. Kanitazama, kisha kauliza tena harusi ni ya nani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeyakoroga na udongo mweupe. Nimepaka asubuhi hadi jua kuzama. Sebule inang'aa kama mambo ya ikulu. Ukuta wa Kasongo ukiletwa hapa utaona aibu.

Yeye mwenyewe kaja kuchungulia. Kauliza kama napaka nyumba au naikaanga. Wivu.

Ijumaa, 7 Juni

Haijakauka.

Nilifungua mlango ipite hewa. Wakapita kuku. Wamedonoa ukuta wa mashariki hadi urefu wa kuku. Nimepaka tena. Adhuhuri sisimizi wametoka chini ya kizingiti, mstari ulionyooka kuliko gwaride la Saba Saba.

Kasongo kasema mawese yanafaa kwenye boti kwa sababu hayakauki, ndiyo kazi yake. Nikamwambia hii si boti, ni nyumba. Kasema hicho ndicho anachojaribu kunieleza tangu jana.

Nimewasha jiko la mkaa katikati ya sebule ili kuharakisha. Kuta zimetokwa jasho. Harufu imefika barabarani. Mzee mmoja mpita njia kabisha hodi, kavua kofia, kaketi uani. Alidhani kuna matanga na chakula ki karibu.

Nimemwandalia mama mkwe kiti katikati kabisa ya chumba, mbali na kila ukuta. Sijaacha tundu.

Jumamosi, 8 Juni

Wamefika saa sita. Honorata amenenepa kidogo. Alisimama mlangoni, akatazama kuta, akatazama miguu yangu ya rangi ya chungwa.

Mama mkwe kavaa kitenge kipya, hakijapata hata kufuliwa. Ni mtu wa mila. Hanitazami usoni, mimi mkwewe, wala hasemi nami. Husema na binti yake, nami nasikia. Nikamwonyesha kiti. Nikajitenga pembeni kwa adabu.

Sikukumbuka kitu kimoja. Katikati ya chumba, popote atakapogeuka ananiona. Basi kwa heshima ya ukwe kakiinua kiti, kakipeleka hadi ukutani, kanigeuzia upande, kaegemea. Akapumua. Safari ya boti inachosha.

Niliona. Ningesemaje? Nikamwambia Honorata amwambie mama asogee mbele. Honorata kauliza kwa nini. Nikasema basi.

Aliposimama, kitenge kilichelewa kidogo kusimama naye. Mgongo mzima chungwa, na sisimizi juu yake. Honorata kapiga ukelele. Mama mkwe kajigusa mgongoni, kanusa kidole, kakiramba. Akafikiri. Kisha kasema: Honorata, mwambie mumeo imekosa chumvi tu.

Honorata kaenda moja kwa moja jikoni. Nikasikia masufuria. Nikasimama pale, mikono inateleza, sina hata pa kujishikilia. Wapagazi watafurahi, nikawaza.

Katoka na sufuria kubwa. Maji ya moto. Alikuwa anacheka hadi machozi, kwanza taratibu, kisha kaketi sakafuni. Kamwambia mama yake arudi salama, yeye anabaki, maana akiniacha wiki nyingine atakuta nimeezeka nyumba kwa dagaa. Ila ana sharti moja. Nisiguse ukuta wowote wa nyumba hii, kwa rangi wala kwa tindo, hadi nife.

Nikakubali upesi. Kitenge kimefuliwa mara nne. Bado chungwa. Nani kasema si rangi nzuri?

Jumatatu, 10 Juni

Jana tumekwangua kuta kutwa nzima. Kasongo kaleta nusu kopo lake, na Honorata kalipokea bila kuniuliza. Anapaka buluu, anaimba.

Nimelipima jambo hili bila hasira. Mke amerudi, kwa hiyo mpango ulifaulu. Kosa halikuwa mawese. Kosa ni watu kuegemea.

Limebaki debe zima. Nimelala chali mkekani na kutazama juu. Mabati ya sebule, kwa ndani, hayajapakwa kitu tangu nijenge. Hakuna aegemeaye mabati. Kuku hawafiki. Na mchana yanashika moto vizuri sana, yatakauka upesi.

Honorata anakwenda Katonga kesho asubuhi. Nimemwomba Kasongo ngazi.