Tapa ya Sita kwa Mama Angustias

Jumatano, 9 Oktoba

Rocío amekuja kula nami mchana na kunipa masharti. Binti yangu mwenyewe! Harusi yake ni tarehe 26. Baba wa mchumba wake, Bwana Leandro, anafika keshokutwa kutoka Valladolid, siku tatu, ili tufahamiane ana kwa ana. Rocío kasema zikipita siku hizo tatu bila mimi kumwaibisha, ndimi nitakayemshika mkono kumwingiza kanisani. Nikimwaibisha, atamshika mjomba wake Anselmo. Jumatatu anapeleka jina kwa padri.

Nikamuuliza ni lini nimewahi kumwaibisha. Akanitazama tu. Kutazama huko nakujua, kulikuwa kwa mama yake. Ndipo nikaikumbuka ile simu ya Aprili, nilipomwambia Bwana Leandro kwamba nina shamba la mizeituni. Nina mizeituni miwili. Iko kwenye vyungu, kibarazani. Alipoomba atumiwe picha nilimwambia nzige wamelimaliza shamba lote.

Nimeapa mbele ya picha ya marehemu mke wangu, Remedios: safari hii sipangi kitu.

Kuna jambo dogo sikumwambia Rocío. Wiki iliyopita Bwana Leandro alipiga simu, akausifu mvinyo wa kwao nusu saa nzima. Nikachoka. Nikamwambia kwamba hapa Granada, mimi nikiingia tu kwenye baa ya Mama Angustias, hata sijaketi, naletewa tapa ya sita.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimelala vibaya. Tapa ya sita! Ulimi huu ungekatwa nikiwa mdogo.

Huko kwao mtu huchagua anachotaka kula. Hapa kwetu huchagui. Unaagiza glasi ya mvinyo, na kila glasi inakuja na kisahani cha chakula, ndiyo tapa yenyewe, chochote watakachoamua jikoni. Kwa Mama Angustias glasi ya kwanza ni zeituni. Ya pili, mkate na dagaa. Kila glasi kisahani kinanenepa. Ya sita ni mkia wa fahali uliochemka ndani ya mvinyo tangu alfajiri, nyama inaachia mfupa ukiitazama tu. Katika miaka ishirini na miwili nimeufikia mara tatu, na mara mbili sikumbuki ladha yake.

Nimekwenda jikoni kwa Mama Angustias. Nikamwomba kwa adabu zote kesho atuanzishie na ya sita. Alikuwa anamenya vitunguu, hakuinua kichwa. Akasema mwaka juzi alikuja askofu, na askofu alianza na zeituni kama watu wote. "Ukiitaka ya sita, baba, kunywa tano." Kisha akanipa kitunguu nimsaidie kumenya.

Nikamfuata Nicasio, mhudumu, ambaye ndiye anayepaza sauti kuliambia jiko: ya kwanza, wawili! Ya tatu, wanne! Nikamsihi kesho apaze tu "ya sita". Kaniambia ana mke, na kwamba kazi yake anaipenda, na kwamba Mama Angustias ana kumbukumbu kuliko polisi.

Shemeji Anselmo kapiga simu. Anashuka kesho kutoka milimani na dumu la mvinyo aliousindika mwenyewe, ule wa kwetu wa rangi ya kaharabu. Shamba la kweli, zabibu za kweli. Mtu huyu hana haya kabisa.

Jioni nilikaa na mizeituni yangu nikawaza. Wazo likaja lenyewe. Hesabu ya glasi inamfuata mtu, haijali saa. Nikienda mapema peke yangu nikamaliza tano, mkwe akifika naagiza tu, Nicasio anapaza ya sita, mkia unatoka. Simdanganyi mtu. Na kiapo kiko palepale, kwa sababu huu si mpango. Huku ni kuwahi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika kitandani. Ni alasiri, mapazia nimeyafunga. Nitayaandika yote kwa mpangilio ili adhabu yangu iwe kamili.

Miadi ilikuwa saa nane. Nilifika saa sita. Glasi ya kwanza, zeituni. Ya pili, dagaa. Nikajiona mtu mwenye akili nyingi. Ya tatu, maharage mabichi na vipande vya paja la nguruwe. Ya nne, ngisi wa kukaanga. Kubakiza chakula hakuwezekani, Mama Angustias hukuchungulia kupitia kidirisha cha jikoni. Ya tano, vibonge vya nyama kwenye mchuzi wa lozi. Mvinyo wetu ule unaonekana mpole kwa rangi, lakini ni mkali. Kufikia ya tano nilimwona Nicasio kuwa kijana mzuri sana wa sura, nikamwambia hivyo, mara mbili.

Wakaingia. Bwana Leandro na suti ya kijivu, mrefu, ana nywele za kuchana. Rocío na gauni la bluu. Anselmo na dumu lake. Nikasimama kwa shida, nikamkumbatia mkwe muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tukaagiza glasi nne. Nikamkonyeza Nicasio, nikasema alete kama kawaida yangu.

Nicasio akageukia jikoni. Sauti yake inajulikana, inavunja glasi.

"Ya sita, mmoja! Ya kwanza, watatu!"

Baa nzima ikageuka. Hakuna Mgranada asiyejua maana yake: kuna mtu ameketi peke yake tangu adhuhuri na ameshapiga tano. Kwamba wao watahesabiwa kivyao, kuanzia ya kwanza, sikuliwaza hata kidogo! Bwana Leandro, ambaye hakuelewa, akamuuliza Anselmo ile "ya sita, mmoja" ni nini. Na Anselmo, Mungu amsamehe, akasema labda ni namba ya meza. Alinifichia aibu. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini bibi kizee wa meza ya jirani, ambaye hakuna aliyemuuliza, akamweleza mgeni kila kitu, kwa vidole, glasi moja baada ya nyingine.

Mkia ukaletwa. Ukawekwa mbele yangu, unafuka moshi. Mbele ya mgeni aliyesafiri kutoka Valladolid zikawekwa zeituni tano.

Nikasema hapana, hapana, mkwe, hiki ni chako, nikakisukuma kisahani. Nikakisukuma kwa nguvu za glasi tano. Mchuzi wote uliishia kwenye suruali ya kijivu. Halafu nikaona ni wakati wa ukweli, nikatangaza kwamba shamba la mizeituni halijawahi kuwepo. Wala nzige.

Rocío alichukua karatasi ya kufutia, akamsaidia mgeni. Kisha akachukua nyingine, akailowanisha kwenye maji, akanifuta kidevu. Kumbe nilikuwa na mchuzi wa lozi kidevuni tangu tapa ya tano. Alinifuta kama nilivyokuwa nikimfuta yeye, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Hilo ndilo linaloniuma. Suruali ingefuliwa tu.

Anselmo alinileta nyumbani, kanishika kiwiko njia nzima, kanivua viatu. Nilisubiri anitukane. Aliniambia tu, "Pumzika, shemeji."

Jumamosi, 12 Oktoba

Naona haya. Naona haya hadi kwa picha ya Remedios, nimeigeuzia ukutani. Kisha nikaona haya kwa kuigeuza, nikairudisha.

Nilipita njia ya nyuma kwenda kununua mkate ili nisikutane na mtu. Muuza mkate akaniuliza, bila hata kutabasamu: "Mkate wa kwanza, Mzee Baldo, au wa sita?" Watu watatu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Niliondoka bila mkate.

Rocío hajapiga simu. Nimempigia, haikupokelewa. Nimemwazia akiingia kanisani na Anselmo, na mimi benchi la nyuma pamoja na shangazi zake viziwi. Miaka thelathini na moja iliyopita, usiku ule alipozaliwa, walimweka mikononi mwangu mimi kwanza. Si kwa Anselmo.

Nimemwandikia barua Bwana Leandro. Ya kwanza niliulaumu mvinyo. Nikaichana. Ya pili nilimlaumu Nicasio. Nikaichana. Ya tatu ilianza vizuri, ila kwenye ukurasa wa pili nikajikuta nimewarudisha wale nzige. Ya nne ina mstari mmoja: nilitaka unione mtu mkubwa, nisamehe. Nimeiacha mapokezi ya hoteli yake na kutoka mbio, kwa sababu nilimwona anashuka ngazi. Alikuwa na suruali nyingine.

Jumapili, 13 Oktoba

Asubuhi mlango umegongwa. Bwana Leandro! Alikuwa peke yake. Hakutaja barua. Alitembea moja kwa moja hadi kibarazani, akavitazama vile vyungu viwili.

"Ndilo shamba hili, mkwe?"

Nikamwambia ndilo, lote. Akaligusa jani. Akasema shamba langu linatunzwa vizuri kuliko mashamba mengi aliyoyaona. Nikashindwa kujizuia, nikalia kidogo.

Akaniambia nivae koti, anataka tapa, na anataka kuanza na ya kwanza. Tukawakuta Rocío na Anselmo wameshafika kwa Mama Angustias. Nicasio akapaza sauti, "Ya kwanza, wanne!" na sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Tukala zeituni. Tukaja kwenye dagaa. Baada ya glasi ya pili Bwana Leandro akafunika glasi yake kwa kiganja, akasema imetosha, na kwamba dagaa wale ni kitu kizuri kuliko vyote alivyokula Granada. Ya sita hakuiuliza kamwe. Kumbe nilijidhalilisha kwa kisahani ambacho hakuna aliyekihitaji.

Njiani Rocío alinishika mkono. Akasema kesho jina litakalokwenda kwa padri ni langu. Akasimama, akanikazia macho, akasema kuna sharti moja tu: siku ya harusi nisipange kitu, hata kidogo, hata kizuri. Nikaapa kwa jina la mama yake. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Jumamosi, 26 Oktoba

Saa tatu asubuhi. Nina suti nyeusi na ua kifuani. Ndoa ni saa sita, kisha wageni wote wanakuja kula hapa kwa Mama Angustias. Ukoo mzima wa Valladolid, watu thelathini na wanane. Jana nilimuuliza kama kwa harusi atailegeza sheria. Akasema wote wataanza na zeituni, maharusi wakiwamo.

Nimelifikiria kwa utulivu. Baba wa bibi harusi na zeituni tano, mbele ya watu thelathini na wanane? Huko ndiko kumwaibisha binti yangu. Na kosa la siku ile nimeliona wazi. Sikujipa muda wa kupumzika kati ya tano na sita. Leo katikati kuna misa nzima.

Nicasio amenifungulia mlango wa nyuma. Anasema hakuniona, na kwamba ana mke. Zeituni zimeshafika, naandika hapa kaunta. Niko makini kabisa. Mtu hujifunza kutokana na makosa yake, na mimi nimejifunza: safari hii nimekuja na kitambaa cha kidevu.