Kundi Linganishi la Dirisha la Nne

Kurugenzi ya Tabia za Umma inayo furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba kuanzia Jumatatu binadamu ataeleweka.

Uamuzi huu haukufanywa kwa pupa. Mkurugenzi wetu alihudhuria kozi ya utangulizi wa sayansi za jamii, akarudi na cheti chenye utepe. Alitukusanya ukumbini akatufafanulia fani zote tatu kwa mkupuo mmoja. Saikolojia hueleza kwa nini mtu anafanya jambo. Sosholojia hueleza kwa nini na wenzake wanalifanya. Anthropolojia hueleza kwa nini watu wa mbali wanalifanya vibaya. Tulipiga makofi. Mheshimiwa hupenda makofi. Hilo tulilijua hata kabla ya sayansi.

Utafiti ulianza katika ukumbi wetu wa leseni. Dirisha la tatu liliwekewa kengele na bakuli la pipi za mnanaa. Mwananchi akikaa wima na kunyamaza, kengele inalia, anapewa pipi, kisha karatasi yake inagongwa muhuri. Muhuri wenyewe ni mmoja tu. Hulala mfukoni mwa Mkurugenzi, naye humkabidhi karani wa dirisha la tatu kila asubuhi. Dirisha la nne likawa la kundi linganishi, yaani watu wasiopewa chochote.

"Hata muhuri?" aliuliza msusi mmoja, ambaye saluni yake ilikuwa imepigwa kufuli letu mpaka apate leseni mpya.

"Hasa muhuri," nilimjibu kwa upole. "Bila watu wasiohudumiwa, dada, tutajuaje kama huduma inasaidia?"

"Kaka yangu, Jumamosi nina bibi harusi na jeshi lake lote la wasindikizaji. Vitana, nywele, viti, kila kitu kiko ndani. Nisipofungua wanahamia kwa jirani yangu, yule anayesuka kama anafunga mizigo. Na wakihama ndiyo basi tena."

"Mchango wako kwa sayansi utakumbukwa."

"Nani kaniweka huku?"

"Bahati nasibu. Ni jambo la kisayansi kabisa."

Bahati hiyohiyo ilikuwa imempeleka shemeji wa Mkurugenzi dirisha la tatu.

Mimi, nikiwa Katibu Msaidizi wa Kueleweka, nilipewa upande wa anthropolojia: kuishi miongoni mwa wenyeji. Nilivua tai nikahamia kwenye benchi la dirisha la nne, katikati ya msusi na mzee mmoja fundi baiskeli aliyekuwa akisubiri kibali cha kibanda chake. Wenyeji walinipokea kwa ukarimu. Fundi aliniambia nisogeze makalio.

Jumanne Mkurugenzi aliingiwa na huruma. Kwa kuwa kanuni hazikumruhusu kutupa huduma, alitupa mhadhara. Alitembea huku na huko mbele yetu, mikono mgongoni, akieleza kwamba kiumbe akisifiwa kwa tendo fulani hulirudia, na akipuuzwa huliacha.

"Mnyama hajui kama anafundishwa," alisema. "Yeye anaona raha tu."

Msusi alimtazama kama anavyomtazama mteja asiyetulia kitini.

"Mzee," alimnong'oneza fundi, "akielekea dirishani kwetu, makofi. Akielekea ofisini kwake, tutazame viatu."

"Mwanangu, utatufungisha."

"Kwani sasa hivi tumefunguliwa?"

Kanuni za utafiti ziko wazi: mtafiti haingilii mila za wenyeji. Nikafungua daftari langu.

Mheshimiwa akapiga hatua moja kuelekea dirisha la nne. Benchi zima likalipuka. "Eeeh! Huyooo!" Akasita. Akatabasamu. Akageuka kuelekea ofisini. Kimya, kila mtu anakagua viatu vyake utadhani ameviazima. Akarudi dirishani kama mtu aliyesahau miwani. Vifijo! Kufikia adhuhuri alikuwa ameegemea kaunta yetu, anamwelezea fundi utoto wake.

Nami nilikuwa napiga makofi. Sosholojia huita hali hii kufuata mkumbo, na mtafiti makini hana budi kuionja.

Jumatano Mheshimiwa hakupitia kwingine. Alikuja moja kwa moja dirisha la nne akakalia kiti kilichokuwa kitupu, kwani kundi linganishi halina karani. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, ukatoka muhuri. Fundi akapanda juu ya benchi akipiga mluzi. Mheshimiwa akautazama muhuri. Akauinua. Mluzi ukazidi.

"Ukitua kwenye karatasi, baba," msusi alisema kwa sauti ya kubembeleza, "sisi hapa tutazimia."

Ukatua. Ta! Kibali cha kibanda. Ukumbi ukatikisika. Ta! Leseni ya saluni. Kule dirisha la tatu shemeji mtu alikuwa amekaa wima kama mlingoti, mashavu yamejaa mnanaa, hana muhuri.

"Shemeji!" aliita. "Na mimi je?"

Hakuna aliyempigia makofi, kwa hiyo Mheshimiwa hakumsikia.

"Hebu nirushie pipi moja," msusi alimwambia. Akaidaka, akaimenya, akamtia Mkurugenzi mdomoni. Mheshimiwa akafumba macho.

Ijumaa kundi linganishi lilikuwa limehudumiwa lote. Ripoti yangu inahitimisha kwamba kutohudumiwa huharakisha sana huduma.

Jumamosi nilikuwa namsindikiza Mheshimiwa kwenda kwa Waziri kuwasilisha ripoti hiyo. Tulikuwa tunavuka barabara kulifuata gari alilotutumia, wakati bibi harusi alipotoka saluni, kichwa kinang'aa, na wasindikizaji wakaangua vifijo. Miguu ya Mheshimiwa ikageuka yenyewe. Nilimfuata ndani. Alikuwa ameshatoa muhuri, anatafuta kitu cha kugonga.

"Karibu kiti, baba," alisema msusi. Akamgusa sikio kwa kitana. Mheshimiwa akageuza kichwa kushoto.

"Safi!"

Akageuza kulia. Wasindikizaji wakapiga makofi. Nje dereva wa Waziri alipiga honi, akapiga tena, akaondoka.

Napenda basi kuuarifu umma kwamba ahadi yetu imetimia ndani ya wiki ileile. Binadamu wa kwanza ameeleweka. Yuko kiti cha pili kutoka mlangoni, ametulia, amefungua mdomo.