Nilivyoiambia Kompyuta Kwamba Zamu ya Maji Haibadiliki

Wandugu, leo nimeaibika Ahero, mchana kweupe, mbele ya wakulima wa mpunga.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa chama chao (yule wa shati lililopigwa pasi). Kila asubuhi wakulima hutazama kwenye simu ni bloku gani ya mashamba ina zamu ya maji. Orodha hiyo ni view, yaani dirisha la kuchungulia database, ghala la kumbukumbu zetu, na ndani yake kuna function, kipande cha programu kinachouliza: leo ni zamu ya nani? Shida ilikuwa kasi. Function iliulizwa upya kwa kila jina la mkulima. Unachemsha chai, unainywa, orodha bado!

Jana nikapata ujanja. Unaweza kuiambia database kwamba jibu la function halibadiliki kamwe. Basi inauliza mara moja tu inapopanga kazi, kisha inatoa jibu hilohilo kila orodha inapofunguliwa. Nikaandika hivyo. Orodha ikafunguka papo hapo! Nikajipongeza kwa samaki, ngege mzima wa kukaanga. (Na ugali wa kuongezwa.)

Lakini zamu hubadilika kila siku. Sikufikiria hilo.

Leo saa nane nikaitwa ofisini. Nikamkuta Mama Atieno, mjane wa ekari moja, amesimama na gambuti zake.

"Mwanangu, simu ilisema leo tena ni wale wa jana. Nikakaa nyumbani. Kumbe ilikuwa zamu yangu! Miche nimepanda juzi, na mfereji wameshafunga."

Badala ya kuangalia kazi yangu, nikamgeukia Wafula, anayeingiza ratiba. "Bwana Wafula, umekosea tarehe." Mbele ya watu wote!

Wafula ni mtu mpole. "Mimi sijakosea. Fungua tuone."

Nikafungua, kwa projekta, ukutani. Ratiba ya Wafula ilikuwa sawa kabisa. Nikafungua function. Juu yake, kwa herufi kubwa: JIBU HALIBADILIKI. MTU ASIGUSE. Na jina langu.

Mwenyekiti akavua miwani. "Kwa hivyo uliiambia kompyuta kwamba leo bado ni jana?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na ikakubali?"

"Huwa inaamini tu, Mzee."

"Yawa!" mtu akapiga kelele nyuma. "Hata ng'ombe wangu anajua leo si jana!"

Ofisi nzima ikacheka. Mama Atieno hakucheka. Hiyo ndiyo inaniuma.

Dawa ilikuwa kubadilisha neno moja, liseme kwamba jibu halibadiliki wakati orodha inasomwa, basi, si milele. Neno moja! Na kasi ikabaki ileile. Wale wa jana, waliopata maji mara mbili, wamekubali Mama Atieno afunguliwe mfereji kesho alfajiri. Nikamwomba Mama msamaha. Akasema tutaona miche itasemaje.

Wafula naye nilimwomba. Akajibu "sawa", akaendelea kuchapa bila kuniangalia.

Chekeni, nimestahili. Ila mkikutana na Wafula, mwambieni mimi si mtu mbaya, nina haraka tu.