Mkurugenzi Amepata Dharura

Jumatatu asubuhi, mbele ya jengo la halmashauri ya mji, ilitangazwa rasmi kwamba zama za kukurupuka zimekwisha. Kuanzia siku hiyo hakuna tena watu kukimbia na ndoo ovyo, hakuna kupiga mayowe, hakuna kila mtu kujifanya mwokozi. Janga lolote litakalotaka kuingia mjini litapokelewa kwa utaratibu na kwa rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Mkurugenzi alikata utepe uliofungwa kwenye Mwongozo wa Kitaifa wa Usimamizi wa Dharura, kitabu kinene cha kutosha kuegemeza mlango usibamizwe na upepo, na watumishi wakapiga makofi mpaka walipoambiwa inatosha.

Aliyepiga kupita wote alikuwa Mratibu. Mwezi mmoja nyuma alikuwa afisa wa usafi tu, mtu wa majalala na mitaro. Ndipo akapelekwa semina makao makuu, akarudi na begi jipya, kizibao cha rangi ya chungwa kilichoandikwa MRATIBU mgongoni, na ugonjwa wa kusema "kwa mujibu wa" hata anapoomba chumvi mezani. Lakini cheo alikuwa anakikaimu. Mkaguzi kutoka makao makuu angekuja Alhamisi kuona kama halmashauri imeshika Mwongozo sawasawa. Akiridhika, Mratibu anathibitishwa, asiporidhika anarudishwa kwenye majalala. Tusifichane, alikitaka kile cheo. Alikitaka mpaka usingizi ukawa unampita mbali.

Kiini cha Mwongozo ni neno moja. Dharura si dharura mpaka itamkwe kuwa ni dharura, na wa kuitamka ni mtu mmoja tu, Mwenyekiti wa Kamati ya Dharura, naye ndiye Mkurugenzi. Akishaitamka kwa maandishi, kikosi kizima kinakwenda alipo: gari la zimamoto, machela, mablanketi na muuguzi wa kutuliza nafsi. Mwingine akilitamka neno hilo, au akalitamka huyo mwenyewe pasipo na jambo, amezusha taharuki, na adhabu yake ni kufukuzwa kazi. Ukurasa huo Mkurugenzi aliutia sahihi huku anatabasamu kwa ajili ya picha.

Sasa, katika jengo lile neno dharura lilikuwa na ajira nyingine, ya miaka mingi, na hakuna aliyekumbuka kuliachisha kazi. Ndilo lililowatoa watu ofisini. Mhasibu akisikia wakaguzi wa hesabu wameshuka kwenye gari, amepata dharura. Afisa utumishi Ijumaa baada ya chakula, dharura. Ukifika kumuulizia Mkurugenzi, katibu muhtasi anakujibu kwa sauti ya msiba kwamba bosi ametoka kidogo, amepata dharura, na wewe unasema pole, unaondoka zako. Kumuuliza mtu dharura yake ni ipi ni utovu wa adabu. Wiki ile ya kwanza ya Mwongozo watumishi waliteseka sana. Walijaribu "nimepata jambo," likaonekana halina uzito; wakajaribu "nimeitwa mahali," watu wakaanza kuulizana ni mahali gani. Mkurugenzi peke yake ndiye hakubadili kitu, maana yeye neno ni la kwake kisheria.

Mke wa Mratibu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Mapacha, na kibanda chake kiko soko la bondeni, pale chini kabisa mtaro unapopita. Mwezi ule alikuwa amepewa kazi ya kushona sare za shule nzima, kazi aliyoililia miaka, na vitambaa vya kaki na bluu vilikuwa vimepangwa kutoka sakafuni hadi dirishani. Vikiharibika, hana pa kuvitoa vingine, na wazazi wangemsimamia mlangoni mmoja mmoja.

"Baba Mapacha," alimwambia mumewe usiku wa Jumatatu, "mtaro umeziba. Umejaa magunia na chupa. Ikinyesha mvua ya maana, tumekwisha."

Mratibu akamweleza kwa upole kwamba mtaro ulioziba, kwa mujibu wa Mwongozo, si dharura. Ni kiashiria. Na kiashiria hakizibuliwi, kinafuatiliwa.

"Kufuatiliwa ndiyo kufanywaje?"

"Kuangaliwa."

"Basi kesho njoo na kiti tukae pale tuangalie wote."

Mratibu aligeukia ukutani. Kinachouma ni kwamba mtaro ule alikuwa anaujua kama mfuko wa suruali yake. Enzi zake za usafi angewaita vijana watatu na makoleo, wangemaliza kabla ya saa sita, na wasingeandika popote. Lakini kuwaita sasa, bila dharura kutamkwa, ni kukurupuka, na Mkaguzi anakuja Alhamisi. Alijiambia kwamba siku tatu si nyingi, huenda mvua ikachelewa. Alijiona mnyonge kidogo, kisha akalala.

Mvua haikuchelewa. Ilianza alfajiri ya Alhamisi, ikanyesha kwa hasira, na Mkaguzi alipoingia ukumbini viatu vyake vilikuwa vinalia maji. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mtu anayesoma kila kitu mpaka maandishi ya kwenye kopo la maziwa. Kamati yote ilikuwepo isipokuwa kiti cha kati. Wakiwa wanasubiri, simu zikalia mfululizo, maana ujumbe ulikuwa umeingia kwenye kundi la Kamati. Ulitoka kwa Mwenyekiti: "Nimepata dharura. Endeleeni."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma ya kawaida. Mhasibu akasema pole yake, akajisogezea sahani ya biskuti.

Hapo hapo simu ya Mratibu ikaita, na mkewe hakuhitaji kuwekwa kwenye spika ili ukumbi umsikie.

"Maji yameingia kibandani."

"Yamefika wapi?"

"Magotini."

"Magotini kwa nani?" aliuliza Mratibu, kwa sababu kwenye Mwongozo maji ya magoti ya mtu mzima ni kijani, na ya magoti ya mtoto hata rangi hayana.

"Magoti yangu. Wewe leo magoti yangu huyajui?" Sauti ikashuka, ikawa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Baba Mapacha, vya chini vimeshalowa vyote. Tunasaidiana kubeba na wenzangu lakini yanapanda. Leteni ile pampu ya halmashauri, nakuomba."

Simu ikakatika. Mratibu akampigia mtunza stoo kuuliza pampu, akajibiwa kwamba pampu ipo, ila haipo, imepelekwa matengenezo tangu mwezi uliopita kwa maagizo kutoka juu. Akampigia Mkurugenzi ili aitamke dharura ya sokoni. Simu imezimwa. Akabaki ameshika Mwongozo kwa mikono miwili, akilini anamwona mkewe na mafurushi kichwani, na kitabu chote hakina ukurasa unaomruhusu kusimama.

Mkaguzi alikuwa amevaa miwani, anasoma simu ya jirani yake. "Mwenyekiti wenu ameandika amepata dharura," alisema. "Ametamka, tena kwa maandishi. Mbona mmekaa?"

Afisa utumishi akamkanyaga Mratibu chini ya meza, akamnong'oneza, "Usituingize matatani. Ile si dharura. Ile ni dharura tu."

Mratibu aliijua tofauti, alizaliwa nayo katika utumishi. Angeweza kumweleza yule mama kwamba hapa kwetu neno hilo lina maana yake. Lakini aliwaza kwamba kikosi kikimfikia Mkurugenzi, Mkurugenzi ataombwa aitamke na ya sokoni, na hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki. Alivaa kizibao. "Kikosi kiondoke," alisema.

Tatizo likawa kikosi kiende wapi. Dereva wa zimamoto alipoulizwa kama anajua alipo Mkurugenzi, aliangalia paa, akaangalia viatu vyake, akasema, "Mlimani. Mzee leo anamwaga zege."

Wakapanda wote, Mkaguzi mbele kwa dereva, Mratibu katikati yao, muuguzi nyuma na machela yake. King'ora kililia mji mzima. Barabara ya mlimani inapita juu ya soko, na pale kwenye kona Mratibu akamwona mkewe kwa macho yake, maji kiunoni, kitambaa cha kaki kimemzonga shingoni, anampokeza mwenzake furushi. Naye akainua uso kuangalia king'ora. Mratibu alimwambia dereva asimame.

"Nisimame kwa mujibu wa nini, mkuu?" aliuliza dereva, tena hakuwa anatania.

Mratibu akafungua Mwongozo kutafuta, na gari likapita. Maisha yake yote hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia kwenye ile kona.

Mlimani walikuta nyumba ya ghorofa ya Mkurugenzi, ndiyo kwanza inaanza msingi. Lori la halmashauri lilikuwepo, limebeba kokoto. Vibarua walikuwepo. Na katikati ya msingi, imepakwa rangi nyekundu na jina la halmashauri ubavuni, ilikuwepo pampu, nzima na yenye afya, inanguruma na kutapika maji ya mvua nje ya shimo ili zege lisiharibike. Mkurugenzi alikuwa amevaa mabuti ya mpira, ameshikiwa mwavuli, anamfokea mtu kuhusu mchanga. Alipoona gari, machela na watu, akashusha mkono.

"Nyie mmefuata nini huku?"

"Dharura yako, bosi," alisema Mratibu.

Mkurugenzi akacheka kidogo, akitafuta mwenzake wa kucheka naye. Hakumpata. Mkaguzi alishuka, akakanyaga tope bila kujali, akaizunguka ile pampu na kusoma maandishi yake yote. Kisha akauliza, kwa heshima kabisa, dharura yenyewe ni ipi.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipokumbuka sahihi yake. Akisema hakuna, amezusha taharuki, na adhabu anaijua kwa sababu aliipendekeza yeye mwenyewe iwe kali. Akaangalia msingi, pampu, na mawingu.

"Maji," alisema. "Yaliingia... kwenye nyumba. Kwa ghafla."

"Pole sana," alisema Mkaguzi, na alikuwa anamaanisha. "Kumbe wewe ni mwathirika."

Muuguzi alikuwa amesubiri neno hilo tangu apewe kazi ya kutuliza nafsi. Kufumba na kufumbua Mkurugenzi alikuwa amefunikwa blanketi, amekalishwa kwenye machela, na anashikwa mkono. "Lia tu, baba," muuguzi alimwambia. "Usijizuie." Mkurugenzi alisema hataki kulia, na muuguzi akawaeleza wengine kwamba kukataa ni hatua ya kwanza.

Mratibu alikuwa anapekua Mwongozo kwa vidole vilivyolowa. Akauliza, Mwenyekiti akiwa ndiye mwathirika, Kamati inaongozwa na nani. Mkaguzi alijibu bila kufungua kitabu: mwathirika haongozi, anahudumiwa. Anayekaimu ni Mratibu.

Mratibu alifunga kitabu. "Dharura," alisema, na neno lilimtoka kwa nguvu hata vibarua wakaacha makoleo. "Soko la bondeni. Nyekundu. Fungeni hiyo pampu nyuma ya gari, na nyie wenye makoleo pandeni lori, twende."

"Na zege langu?" aliuliza Mkurugenzi kutoka ndani ya blanketi.

"Ni eneo la tukio," alisema Mkaguzi. "Haliguswi."

Bondeni hawakufuatilia kiashiria. Walikitoa kwa makoleo na mikono, magunia, chupa, godoro zima, na Mratibu akiwa ndani ya mtaro mpaka kifuani, kizibao kimemvuka kimeenda na maji. Mchana maji yalishuka. Karibu nusu ya vitambaa ilipona, iliyobaki ilikuwa imelowa tope lakini haikuchanika. Mama Mapacha aliipapasa kipande kwa kipande. Kisha akamgeukia mumewe.

"Mlipita pale juu," alisema. "Niliwaona."

"Na mimi nilikuona."

Akageukia tena vitambaa vyake, na Mratibu aliona afadhali angemtukana. Akabeba mafurushi mawili, akamfuata.

Mwongozo unataka waathirika wote wakae kituo kimoja hadi dharura itangazwe kuwa imekwisha, kwa hiyo wote walipelekwa darasani kwenye shule ya msingi, wauza soko na mafurushi yao, na Mkurugenzi na blanketi lake, ameketi kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni. Alimwita Mratibu pembeni na kumwambia, sasa kama bosi, atangaze imekwisha ili yeye akaoge. Mratibu alimjulisha kwamba kaimu anaruhusiwa kuifungua tu. Anayeifunga ni Mwenyekiti.

"Si ndiye mimi?"

"Wewe ni mwathirika, bosi. Tumeandika makao makuu kuomba maelekezo."

"Wao hujibu baada ya muda gani?"

Watu wa sokoni waliokuwa karibu walicheka, maana wao makao makuu wameshayaandikia sana. Mkaguzi peke yake hakucheka. Alisema utaratibu ni mzuri sana, na ameridhika.

Mama Mapacha alikuwa amesimama katikati ya darasa na ncha ya kitambaa cha kaki, urefu wa ukuta mpaka ukuta, kizito kwa maji machafu. Kitambaa cha namna ile hakikamuliwi na mtu mmoja. Mumewe akaja kupokea ncha ya pili. Mkewe akampungia mkono akae pembeni, akaipeleka kwenye dawati la darasa la kwanza.

"Mwathirika mwenzetu," alisema, "shika huku."

Mkurugenzi aliangalia mlango, akamwangalia Mratibu, akamwangalia Mkaguzi. Mwisho akatoa mikono nje ya blanketi, akashika. Mama Mapacha akazungusha kulia, yeye akazungusha kushoto, na maji ya mtaro yakamiminika juu ya mabuti yake. Alipoona yamekatika akataka kuachia.

"Bado," Mama Mapacha alimwambia. "Kamua tena."